Mzee Debe na Mivinje ya Kuazima: Maisha ya Bartolomayo Nhonya Chibago, 1927–1994

Huyu tunayemlaza leo hapa Miyuji, Jumamosi tarehe 19 Novemba 1994, ni Bartolomayo Nhonya Chibago. Wengi wenu mlimwita Mzee Debe. Na baadhi yenu mliosimama hapa mna debe lake nyumbani mpaka leo. Mnajijua.

Mchungaji aliomba wasifu uenee kwenye ukurasa mmoja wa ratiba, na usiwe na maneno ya kuumiza watu. Mjane wa marehemu, Lydia binti Matonya, ambaye maneno haya ni yake, amejibu kwamba mtu aliyeishi miaka sitini na saba haenei kwenye ukurasa mmoja, na kwamba maumivu hakuyaleta yeye peke yake. Mjukuu wao Brightness ndiye anayesoma. Ameambiwa asiruke mstari.

Bartolomayo alizaliwa tarehe 24 Agosti 1927 huko Zuzu, upande wa reli, mtoto wa tatu wa Mzee Nhonya Chibago na Mama Yudita. Tarehe hiyo haina shaka. Siku ya ubatizo mwalimu wa dini alimwuliza mama mtoto kazaliwa lini. Mama akasema, "Siku ile kengele yenu ililia katikati ya wiki, tukaambiwa ni ya mtume." Mwalimu akafungua kitabu chake, akakuta ni Jumatano, sikukuu ya Bartolomayo, na jina likapatikana hapohapo. Baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe. Mpaka anakufa, ukimwuliza mwanao anafanya kazi gani mjini, alikuwa anajibu, "Anamwagilia majani ambayo hata mbuzi hali."

Alianza shule ya misheni mwaka 1937, akasoma mpaka darasa la nne, mwaka 1941. Shuleni aliyechelewa alikuwa anapewa adhabu ya kumwagilia bustani ya Bibi Edna, nesi wa misheni aliyetoka ng'ambo. Siku ya kwanza Bartolomayo alichelewa kwa sababu ya ndama. Siku ya pili alichelewa kwa sababu alitaka kujua kama ule mche wa jana umesimama. Kufika Ijumaa mwalimu akamshika sikio akamwuliza, "Wewe, adhabu unaiona tamu?" Akasema, "Tamu, mwalimu, ila kopo linavuja." Bibi Edna alisikia dirishani. Tangu siku hiyo akamwita kila jioni bila kosa, na kopo likazibwa.

Kutoka kwa bibi huyo alijifunza kuotesha, kubebesha mche juu ya shina la mwingine, na kupunguza mizizi. Alijifunza pia habari za mti wa Krismasi, na hizo hakuacha kuzisimulia mpaka kiharusi kilipomfunga ulimi. Wengi wenu mlizisikia mkiwa mmesimama na sikukuu iko jikoni inaungua. Lakini leo hamna pa kwenda, basi msikie tena.

Alikuwa anasema hivi. Zamani za kale Wajerumani, kila tarehe 24 Desemba, walikuwa wanawakumbuka Adamu na Hawa. Wakasimamisha mti wenye majani mabichi, wakautundikia matofaa, uwe ndio ule mti wa Edeni. Kesho yake amezaliwa Bwana, mti bado umesimama, hakuna aliyetaka kuutoa. Wakaongeza mishumaa. Baadaye malkia wa Uingereza akaolewa na Mjerumani, mti ukaingia na kwenye jumba la kifalme, na watu wadogo wakaiga wakubwa kama kawaida. Wamisheni wakaupenda, wakaja nao huku kwetu kwenye mawazo tu, maana miti yenyewe ya kwao haikubali jua la Ugogo. Kanisani kwetu walianza na maua mekundu ya mkrismasi, ule unaochanua Desemba barabarani. Yalikuwa yananyauka kabla ya mahubiri kwisha. Ndipo Bibi Edna alipoagiza kutoka pwani mbegu za mvinje, mti wa majani membamba kama nyuzi. Zilikuja kwa treni ndani ya bahasha, mwaka 1955, na aliyezipokea stesheni ni Bartolomayo.

"Kwa hiyo mti wa Krismasi ni mti wa bustani," alikuwa anamaliza, "na Adamu ndiye bwana bustani wa kwanza." Hapo alianza kuwataja mabwana bustani wakubwa kwa vidole. Adamu, alifukuzwa kazi. Nuhu, alipanda mizabibu akalewa. Nabothi, aliuawa kwa ajili ya shamba lake. Na wa nne ni yule ambaye Mariamu alimwona alfajiri kaburini, akadhani ni mtunza bustani. "Wote walidhulumiwa," alikuwa anasema, "isipokuwa Nuhu, aliyejidhulumu mwenyewe." Watu walicheka. Lydia pia alicheka, kila mwaka. Hakujua kidole cha tano ni cha nani.

Alifanya kazi misheni hadi mwaka 1950, na kuanzia Januari 1951 aliajiriwa kutunza bustani za ofisi za serikali mjini, kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja. Jioni zake zilibaki za bustani ya misheni, bila mtu kumwomba. Mji ulipotangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, walikuja vijana wasomi na ramani, wakapanda miche mwezi wa sita. Bartolomayo akawaambia wangoje mvua. Mmoja akamwambia, "Mzee, ratiba ni ratiba." Mwezi wa tisa alitumwa yeye kung'oa vijiti vikavu. Aling'oa vyote, akavifunga mzigo, akampelekea yule kijana ofisini: "Ratiba yako hii hapa." Alistaafu mwaka 1982.

Sasa ndoa. Alimwona Lydia kisimani, mtaa wa Kikuyu hapa mjini, mwaka 1952. Lydia alikuwa mrefu, mwenye maneno, na alikuwa amekwisha kuwakataa wanaume wawili. Bartolomayo alikwenda kwao Jumapili mchana, amebeba mche ndani ya debe.

"Umeleta nini?" Lydia akamwuliza.

"Mchungwa."

"Mimi ni mbuzi?"

"Mbuzi angekuwa amekwisha kuula. Wewe bado unauliza maswali."

"Na nani ataumwagilia, jua lote hili?"

"Nitamwagilia mimi. Wewe utachota maji."

Mama yake Lydia alicheka mpaka akakaa chini. Lydia hakucheka, lakini mchungwa hakuurudisha. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1953. Bartolomayo alitimiza neno lake miaka yote ile, na Lydia akatimiza lake. Ndoo za asubuhi zilikuwa nne, za jioni nne, na kiangazi hakuna aliyehesabu. Shingo ya Lydia iliyoinama upande wa kushoto haikutoka kwenye uzee. Ilitoka kwenye mivinje.

Mivinje ya kuazima ilianza hivi. Desemba ya mwaka 1958 Bibi Edna alimpa shoka.

"Bartolomayo, kata ule mkubwa, tuupeleke kanisani."

"Bibi, siwezi. Nimeumwagilia miaka mitatu."

"Kwa hiyo Krismasi haina mti?"

"Ina mti. Lakini mti utarudi nyumbani."

Akauchimba na udongo wake, akauweka kwenye nusu pipa, akausukuma kwa mkokoteni mpaka kanisani. Baada ya sikukuu ukarudishwa. Mwaka uliofuata familia tatu zikataka na miti yao, akawapa midogo kwenye madebe. Bibi Edna aliporudi kwao mwaka 1964 alimwachia mivinje yote, na Bartolomayo akaihamishia kwake. Kufika miaka ya sabini yalikuwa yanatoka madebe zaidi ya hamsini kila Krismasi, kila debe limeandikwa jina la ukoo kwa chokaa. Ule wa nusu pipa ulibaki wa kanisa. Tuliuita Mvinje Mama, kwa sababu mbegu za mingine yote zilitoka kwake. Kila Julai alilifungua pipa, akapunguza mizizi na ncha, usizidi urefu wa mlango wa kanisa. Na mvinje, mnajua, huvuma hata upepo ukiwa kidogo. Mahubiri yakiwa marefu tuliusikia ukivuma pembeni ya madhabahu kama mtu anayesali chinichini.

Sharti lilikuwa moja. Mti unatoka tarehe 23 au 24 Desemba, unarudi tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi, na anayeurudisha analeta na debe la samadi. Mwenye mti hafuati mti wake. Hili alilitoa kwenye ng'ombe. Mgogo humpa rafiki ng'ombe amtunzie, na haendi kuchungulia zizini kwake. Rafiki ndiye anayekuja na habari. Bartolomayo alikuwa anasema, "Nikikufuata, nimekudai. Ukirudisha mwenyewe, umenipa." Kwa miaka thelathini na nne hakumfuata mtu hata mmoja. Na watu walirudisha.

Halafu ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Lydia hasemi ruksa ilikuwa mbaya. Sabuni zilirudi madukani, sukari ikarudi, na watu wakaacha kuvaa nguo za viraka kanisani. Mtoto wao wa kwanza, William, aliacha ukarani mwaka 1989, akafungua duka mjini, akawa analeta vitu kwa treni kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1991 alileta miti ya Krismasi ya plastiki, inayokunjwa kama mwavuli, na taa zake zinazowaka na kuzimika. Desemba hiyo madebe yaliyotoka yalikuwa ishirini na nane.  Bartolomayo alikwenda dukani kwa mwanawe, akaushika ule mti, akanusa vidole vyake, akasema, "Unanuka ndoo mpya," akarudi nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1992 William alikuja Miyuji wakati baba yake hayupo. Akamkuta mama yake anajifunga kitambaa shingoni.

"Mama, shikamoo. Shingo tena?"

"Marahaba. Shingo ni ileile, tangu lini ikawa habari?"

"Mama, nimezungumza na wazee wa kanisa. Mwaka huu nawapa zawadi ya mti mkubwa, na taa zake. Baba atapumzika kusukuma pipa. Na wewe utapumzika ndoo."

"Umemwambia baba yako?"

"Tunataka kumshangaza. Usimwambie, Mama. Nikimwambia mimi atagoma, ukimwambia wewe atagoma mara mbili."

 Lydia alikuwa na miaka sitini. Ndoo ya nne ya asubuhi hiyo ilikuwa bado barazani, hajaitua vizuri. Akasema, "Haya." Neno hilo alilisema yeye, hakulazimishwa, na William aliondoka amefurahi kwa sababu alifikiri ameleta furaha. William, uko hapo mbele. Mama yako hajasema ulikuwa mbaya. Amesema, "Ulinifunga mdomo, nami nikakubali kufungwa."

Mwezi mzima Lydia alimwona mumewe anaosha Mvinje Mama jani kwa jani kwa kitambaa, anapaka pipa chokaa, anakata karatasi za ndani za pakiti za sigara zitundikwe zing'ae. Hakumwambia. Siku ya tarehe 24 akamshonea kifungo cha koti. Hakumwambia.

Walitoka nyumbani saa nane mchana, yeye anasukuma mkokoteni na Lydia anashikilia shina lisiyumbe. Ni robo saa tu kwa miguu, lakini na pipa ilikuwa saa nzima. Walipofika mlangoni taa zilikuwa zinawaka na kuzimika, nyekundu, kijani, nyekundu. Mti wa plastiki umesimama pale pale, pembeni ya madhabahu, umefika darini. Kwaya ikapiga makofi. Walidhani anakuja kushangilia.

Bibi Cecilia, kiongozi wa akina mama, ndiye aliyemfuata kwanza, akamsalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, Mzee Debe! Sasa umestaafu kweli! Siku hizi ni ruksa, mti wa kumwagilia wa nini tena? Huu hauli samadi, hauombi maji!"

Mtu mmoja akaongezea kutoka nyuma, "Wala hauvumi wakati wa mahubiri!" Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha sikukuu, hakikuwa cha ubaya. Lakini mtu akikukanyaga kidonda huku anacheza ngoma, kidonda hakijui kama ni ngoma.

Bartolomayo alishika mikono ya mkokoteni, akauliza, "Nani alijua?"

 William alikuwa anainama kwenye nyaya za taa. Lydia alikuwa anatazama viatu vyake.

Mchungaji akasema mti wa mzee uwekwe barazani kwa heshima. Ukawekwa barazani, chini ya bati, karibu na baiskeli. Bartolomayo aliimba nyimbo zote, alipokea meza ya Bwana, akarudi nyumbani na mkokoteni mtupu. Njiani alisema neno moja tu: "Wameupokea kwa hiyo wameuazima. Watarudisha tarehe sita."

Mwaka huo madebe aliyokuwa nayo yalikuwa kumi na tisa tu, yakatoka yote. Moja lilikuwa la jirani yetu Batuli binti Zaidi, mfanyabiashara wa vitunguu, mwenyeji wa Kondoa. Yeye ni Mwislamu, na alikuja mwenyewe kuliomba.

"Mzee Debe, niazime na mimi."

"Batuli, wewe sikukuu yako Idi. Utaufanyia nini?"

"Nitausikiliza. Huu mti unasema kama maji yanapita. Kwetu Kondoa nyuma ya nyumba kulikuwa na chemchemi, na hapa Miyuji nasikia mbwa tu."

Akampa, akaandika kwa chokaa: Zaidi.

Tarehe 6 Januari 1993, Jumatano, Bartolomayo alivaa koti lake la kifungo kipya, akakaa kwenye kigoda mbele ya kitalu tangu asubuhi. Batuli alifika saa tatu, debe la mti kichwani, na mpwa wake Habibu nyuma yake na debe la samadi ya mbuzi. "Mlisema tarehe sita. Leo si tarehe sita?" Akamwagilia kidogo, akaaga. Bartolomayo akaendelea kukaa. Saa sita ikapita, saa kumi ikapita. Jua lilipozama alikuwa na debe moja. Kumi na nane hayakurudi, na Mvinje Mama haukurudi. Wiki iliyofuata Lydia aliliona debe moja sokoni, jina la ukoo bado linasomeka kwa chokaa, limejaa dagaa. Mengine hakuyatafuta. Mliokuwa nayo mlisema moyoni kwamba mzee amepewa plastiki, amemaliza kazi, debe la nini.

Na Mvinje Mama ulikuwa barazani kwa kanisa. Wazee wa kanisa walisema, "Mwenyewe atakuja kuuchukua." Mwenyewe alisema, "Walioazima watarudisha." Mvua ilinyesha tarehe 2 Januari, ikanyesha hatua mbili kutoka kwenye pipa lile, bati likaukinga mti. Baada ya hapo mvua ikakatika kama inavyokatika huku kwetu, jua likawa jua la Januari.

Sasa sehemu ambayo Mchungaji hakuijua alipoomba ukurasa mmoja. Bomba la maji liko nyuma ya kanisa. Njia ya kutoka bombani kuja kwetu inapita barazani, karibu mtu anaweza kunyoosha mkono akagusa. Lydia aliipita njia ile na ndoo iliyojaa kichwani, asubuhi mara nne na jioni mara nne, wiki sita. Aliuona ule mti ukibadilika. Kwanza uliacha kuvuma. Halafu ncha zikawa za kahawia. Halafu majani yakaanza kudondoka kwenye baiskeli za watu, watu wakawa wanayakung'uta. Kata moja ya maji kwa siku ingetosha. Siku moja, tarehe kumi Januari, alisimama, akashusha mkono kwenye ukingo wa ndoo. Akina mama walikuwa wanatoka mazoezi ya kwaya. Bibi Cecilia akaita, "Mama William, umekuja kumwagilia mzigo wenu? Uchukueni basi, unatujazia baraza!"

Lydia akasema, "Mimi napita tu."

Akapita. Na kesho yake akapita, na keshokutwa. Alikuwa na sababu zake. Aliona akiumwagilia pale watasema nyumba ya Mzee Debe imekuja kubembeleza. Aliona ni haki wao ndio wateseke nao. Na ndani kabisa, chini ya sababu hizo, alikuwa amechoka na maji, na aliona mti ukifa atapumzika. Ulikufa. Katikati ya Februari ulikatwa kuni, zikachemshia chai ya kwaya. Lydia alipewa kikombe. Alikinywa, maana kukataa kungekuwa kusema kitu. Hajapumzika tangu siku hiyo.

Bartolomayo hakwenda kanisani miezi mitatu. Alirudi siku ya Pasaka, akakaa kiti cha nyuma. Madebe hakuazimisha tena. Mche aliourudisha Batuli aliuhamishia kwenye chungu kikubwa, akaanza upya kuotesha mbegu zake, lakini mikono ilikuwa imeanza kutetemeka na miche ilikuwa inakatika. Tarehe 9 Mei 1994 alipatwa na kiharusi akiwa ameshika kopo la kumwagilia. Upande wote wa kulia ukalala. Alilazwa wiki tatu, akarudishwa nyumbani. Kuanzia hapo Lydia ndiye aliyechota na ndiye aliyemwagilia, na yeye kwenye mkeka anaelekeza kwa mkono wa kushoto: kidogo, kidogo, basi. Binti yao Miriam alikuja kutoka Kondoa alikoolewa, akamwosha na kumlisha mpaka mwisho. Shukrani kwake hazina maneno.

Mwezi wa kumi ulimi ulirudi kidogo. Asubuhi moja alimwita mkewe.

"Lydia."

"Abee, Baba William."

"Ile njia ya bombani inapita barazani kwa kanisa."

"Inapita."

"Ndoo yako ilikuwa inafika hapa imejaa."

Lydia akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia yote. Habari ya William na lile neno "haya", habari ya Januari, habari ya kikombe cha chai. Alidhani atageuza uso ukutani. Bartolomayo alisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, neno moja moja:

"La William nilijua siku ileile. Ulivitazama viatu kama vimekuibia." Akapumzika. "Mimi nilikuwa na miguu miwili, sikwenda. Wewe ulikuwa na maji, hukusimama. Tuliuua sisi wawili. Wale wengine walikuja mazishini tu."

"Na wewe ulijua napita, hukuniambia?"

"Mwenye mti hafuati mti wake," akasema, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

Hivyo ndivyo alivyosema, na Lydia amemsikia. Lakini hajakubali kwamba wengine hamna sehemu yenu. Atakubali akitaka, si kwa sababu leo kuna jeneza.

Bartolomayo Nhonya Chibago alifariki Alhamisi tarehe 17 Novemba 1994, saa tano asubuhi, nyumbani kwake Miyuji, mkono wake wa kushoto ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa amekwisha kuuliza kama mvinje umepata maji. Uliyapata.

Ameacha mjane, watoto wawili William na Miriam, wajukuu saba, kaka yake Geofrey aliyeko Zuzu, na mvinje mmoja, ule aliourudisha Batuli, mtoto wa Mvinje Mama, unaofika kiunoni kwa mtu mzima. Watoto wengine wawili walimtangulia.

Udongo ukishafunikwa, mvinje huo utapandwa kichwani pake. Aliyeomba heshima ya kuushusha shimoni ni Batuli binti Zaidi, na amekubaliwa. Hautakuwa tena wa kuazima. Mvua bado haijaanza, kwa hiyo mwenye debe la mzee alilete, likiwa na mti au halina mti, ilimradi lina maji. Hakuna atakayekuja kwako kulifuata. Sharti ni lile lile.

Ndoo ya kwanza ataibeba Lydia leo jioni, kutoka bomba la nyuma ya kanisa, kwa njia ile ile ya barazani. Akina mama watakaokuwepo watamwona. Safari hii akifika penye mti atasimama.

Weka kopo chini, Baba William. Lala. Maji yanakuja.